Je, wajua kwa nini mshororo wa tatu wa rubai hauna kina?

Malenga wa Kiswahili akikutana na rubai ya Kiajemi kwa mara ya kwanza huenda akadhani mtunzi kateleza. Mishororo ni minne. Wa kwanza, wa pili na wa nne ina kina kimoja, wa tatu umeachwa peke yake. Sisi katika utenzi tumezoea mitatu ya mwanzo ifungane, wa nne ubebe bahari, yaani kina kinachorudi mwisho wa kila ubeti, ya utungo mzima.

Kuachwa huko ni kwa makusudi. Miwili ya kwanza inaeleza hali, wa tatu unageuza maneno na kulegeza sikio, na msikilizaji anapodhani kina kimepotea, wa nne unakirudisha pamoja na pigo la maana. Zipo pia rubai za kale ambazo mishororo yote minne inafungana, ila hizi zenye pengo ndizo zilizosafiri mbali.

Zilisafiri hasa kwa mkono wa Mwingereza Edward FitzGerald, aliyechapisha mwaka 1859 tafsiri ya Kiingereza ya beti 75 za Omar Khayyam, mwanahisabati na mwanafalaki wa Nishapur, Uajemi (1048–1131). Kitabu kilidoda, kikatupwa kwenye kasha la vitabu vya bei ya chini kabisa dukani London, mpaka washairi wakakiokota. Uaminifu wa tafsiri yenyewe usiulize: FitzGerald alikiri kuwa alizichanganya rubai nyingi. Na hata rubai ngapi ni za Khayyam kweli, wataalamu bado wanabishana.

Mizani nayo haikuvuka, maana Kiajemi hupima silabi ndefu na fupi, Kiingereza hupima mkazo. Alichokishikilia ni vina. Katika ubeti wake mashuhuri (vina vimo kwenye Kiingereza, hapa natoa maana tu) kidole kinaandika, kikishaandika kinasonga. Ucha Mungu wako na akili zako, na hapo kina kimeitikia, havitakirudisha kifute hata nusu mstari. Hapo kina kimeachwa. Kisha kinarejea: wala machozi yako yote hayafuti neno. Shaaban Robert alipomleta Khayyam kwa Kiswahili, alipitia Kiingereza hichohicho. Tafsiri ya tafsiri, na bado Khayyam anasomeka.

Kuiga, basi, kunawezekana hata kwa asiyejua Kiajemi. Nimejaribu kwa mizani zetu za nane kwa nane:

Kahawa imeshapoa, wazee wameondoka,
Baraza limenyamaza, na taa inazimika;
Kesho wote watarudi, na vikombe na hadithi,
Ila kiti cha mmoja, tena hakitakalika.

Nilianza na mshororo wa nne, nikapanda juu. Wa tatu ndio ulionitoa jasho. Ukiumalizia kwa sauti iliyo jirani na "-ka", tuseme "-ki" au "-ko", msomaji ataona kina kilichokushinda. Lazima uende mbali, kama "-thi", ili ajue umekiacha kwa hiari.