Je, wajua kwa nini baruti huweza kuwaka yenyewe ghalani?

Dar es Salaam imeshuhudia maghala ya silaha yakilipuka mara mbili katika muda usiofika miaka miwili: Mbagala tarehe 29 Aprili 2009, kisha Gongo la Mboto usiku wa tarehe 16 Februari 2011. Kila tukio liliua watu zaidi ya 20 na kubomoa nyumba nyingi. La pili lilifanya uwanja wa ndege wa Julius Nyerere ufungwe kwa muda, na maelfu ya watu wakakimbilia Uwanja wa Uhuru. Tangu hapo, habari za maghala zikizuka kijiweni au ndani ya daladala, swali moja halikosekani: mabomu yaliyokaa tu kwenye makasha, hakuna aliyeyagusa, yanalipukaje? Na jibu huwa lile lile: lazima kuna mtu aliyewasha, maana silaha zikizeeka hufa.

Jibu hilo si la kipuuzi. Karibu kila kinachokaa stoo hupungua nguvu, na askari mstaafu anaweza kukusimulia risasi za miaka mingi zilizogoma kufyatuka kwenye mazoezi. Lakini risasi iliyogoma haithibitishi kwamba baruti yake imekufa. Mara nyingi kilichoharibika ni kiwashio, kile kitufe kidogo cha nyuma kinachogongwa na pini ya bunduki, ambacho kikipata unyevu hakitoi cheche. Baruti iliyoko ndani inaweza kuwa nzima kabisa. Inaweza pia kuwa imeharibika kwa namna ambayo si ya kulala.

Dhana hii ina chanzo kingine, cha zamani zaidi. Baruti ya gobore, ile nyeusi ya shura, salfa na mkaa, ni mchanganyiko mtulivu sana. Ikiwa kavu inawaka, ikilowa haiwaki, na ikihifadhiwa vizuri hukaa miaka na miaka bila kujibadili. Vizazi kwa vizazi vilijifunza kanuni moja tu kuihusu: iepushe na moto na maji. Kanuni hiyo ilikuwa sahihi kwa baruti hiyo. Tatizo ni kwamba majeshi yaliacha kuitumia kusukuma risasi zaidi ya miaka 100 iliyopita, sisi tukabaki na kanuni yake.

Lipo na kosa la pili, nalo ni la kudhani kwamba kombora ni kitu kimoja. Kombora la mzinga lina kichwa chenye kilipuzi, lina fyuzi inayokiamsha kilipuzi hicho, lina baruti ya kusukumia inayolirusha kutoka kwenye mtutu, na lina kiwashio cha kuiwasha baruti hiyo. Mtu akiogopa kombora huogopa kichwa. Kumbe kichwa, hasa kikiwa na TNT, ndicho chenye subira. TNT huyeyuka kwenye nyuzi joto 80 hivi, na viwandani humiminwa ndani ya makombora ikiwa kimiminika bila kulipuka. Ujerumani mpaka leo mitaa huhamishwa kwa saa kadhaa kwa sababu bomu la Vita Kuu ya Pili limefukuliwa kwenye ujenzi, na kilipuzi chake bado kizima. Sehemu inayozeeka vibaya ni ile isiyoogopwa na mtu, baruti ya kusukumia, vipande vidogo mithili ya tambi zilizokatwakatwa ambavyo ukiviwasha vichache mahali pa wazi huungua tu.

Baruti hiyo kwa asili yake ni pamba. Mwaka 1846 mwanakemia Christian Schönbein wa Basel alitangaza kwamba pamba iliyochovywa katika asidi ya nitriki na asidi ya salfuriki hugeuka kuwa kitu kinachoungua kwa kasi ya ajabu, nacho ni nitroselulosi. Viwanda vya kwanza vililipuka. Ikabidi ifike mwaka 1884 ndipo Mfaransa Paul Vieille alipoifinyanga ikatulia kiasi cha kutumika katika bunduki, na majeshi ya dunia yakaipokea kwa shangwe kwa kuwa haikutoa moshi. Bili ilikuja baadaye. Katika bandari ya Toulon, manowari ya Kifaransa Iéna ililipuka mwaka 1907, na nyingine, Liberté, ikalipuka tarehe 25 Septemba 1911, zote zikiwa zimetulia bandarini, hazipigani na yeyote. Baruti iliyochakaa ndiyo iliyonyooshewa kidole.

Kwa nini ichakae? Hapa ndipo penye utamu, kwa hiyo twende taratibu.

Fikiria mkungu wa ndizi uliovundikwa. Ndizi mbichi ukizitundika penye upepo huchukua muda kuiva. Ukizifunika kwa majani na magunia, huiva haraka na zote kwa pamoja. Sababu ni kwamba ndizi inayoanza kuiva hutoa gesi, gesi hiyo huziivisha jirani zake, nazo zikiiva hutoa gesi zaidi. Kazi inajiongezea kasi yenyewe, mradi gesi haina pa kutokea.

Nitroselulosi hufanya hivyo hivyo. Tangu siku inapotoka kiwandani, hata ikiwa mahali pa baridi, huachia kidogo kidogo oksidi za nitrojeni. Gesi hizo zikikutana na unyevu huwa asidi, na asidi hurudi kuishambulia nitroselulosi iliyobaki, ambayo nayo huachia gesi zaidi. Kila hatua hutoa joto kidogo. Kama gesi na joto vina njia ya kuondoka, jambo hilo huchukua miongo. Vikizuiliwa, mwendo hukolea.

Wanakemia hawakuweza kuuzuia mwanzo wa jambo hili, wakaamua kuikamata gesi. Huongeza ndani ya baruti kemikali ya kutuliza, maarufu zaidi ikiwa difenilamini, kiasi cha kama asilimia 1 ya uzito. Ni kama kuweka ndani ya mvundiko kitu kinachomeza ile gesi ya ndizi kabla haijazifikia jirani. Ndizi ya kwanza itaanza kuiva, lakini habari haziendi mbali. Shida ni kwamba kimezaji hicho kina tumbo lenye mwisho. Kila kikimeza, kinapungua. Na muda wote huo, ukichungulia, ndizi ni za kijani kama jana. Baruti yenye miaka 30 inaweza kufyatuka barabara kwenye mazoezi, kama mpya, huku kemikali ya kutuliza ikiwa imebaki kidogo sana. Inapokwisha, hatua iliyochukua miongo hufuatwa na hatua ya wiki au siku: moshi wa rangi ya kahawia nyekundu, harufu kali ya asidi, joto. Mfano wa ndizi unaishia hapo, kwa kuwa ndizi ikizidi kuiva huoza, na baruti ikifika huko hushika moto.

Ukubwa wa lundo nao una neno. Joto huzaliwa katika ujazo wote wa baruti, lakini huondoka kupitia uso wake tu. Risasi moja ya bunduki ina baruti ya gramu chache tu, hivyo joto lake hupotea kabla halijafanya chochote. Pipa au kasha kubwa lenye makumi ya kilo hulihifadhi katikati, mahali ambapo hakuna mkono unaofika kupapasa. Ndiyo maana anayekutisha kwamba risasi iliyosahaulika kwenye droo italipuka yenyewe anakuonea. Hata ikitupwa motoni, ikiwa nje ya bunduki ganda lake hupasuka na chembe zake huruka, lakini risasi yenyewe haipati mwendo wa kuua, kwa kuwa hakuna mtutu wa kuibana. Usijaribu, hata hivyo. Chembe za shaba jichoni hazihitaji mtutu.

Kisha lipo joto la nje. Kanuni inayotumika sana katika usimamizi wa risasi ni kwamba juu ya nyuzi 30, kila ongezeko la nyuzi 10 huifanya baruti ichakae kwa kasi ya takriban mara mbili. Ni makadirio, na aina za baruti hutofautiana. Lakini kwa mji wa pwani kama huu wetu, ambako mchana wa Januari hadi Machi huzidi nyuzi 30 kwenye kivuli, na ndani ya kontena la chuma lililoachwa juani hali huwa mbaya zaidi, makadirio hayo yanatosha kumnyima mtunza ghala usingizi.

Kisiwa cha Cyprus kilitoa mfano usiohitaji maelezo mengi. Mwaka 2009 serikali ilikamata shehena ya baruti kutoka kwenye meli, ikaiweka katika kambi ya jeshi la majini, makontena 98, nje, juani. Yakakaa hapo zaidi ya miaka miwili. Mapema Julai 2011 kontena mojawapo lilionekana limevimba. Tarehe 11 ya mwezi huo yalilipuka, yakaua watu 13 na kukiharibu kituo jirani cha umeme kilichokuwa kikizalisha karibu nusu ya umeme wa kisiwa. Kwa macho ya leja, shehena ile haikuwa na kasoro: idadi yake ilijulikana na mahali ilipo palijulikana.

Na hapo ndipo kazi ya mtunza ghala wa jeshi inapotofautiana na ya mwenzake wa stoo ya kawaida. Kwa mablanketi, mahema, viatu na masufuria, leja huulizwa vingapi vimeingia, vingapi vimetoka na nani kasaini. Kwa baruti, idadi ni swali jepesi kuliko yote. Linalotakiwa ni namba ya loti, yaani kundi lililotengenezwa pamoja kiwandani, mwaka wake, mahali ilipowahi kuhifadhiwa na lini ilipimwa mara ya mwisho. Loti ikichanganywa na nyingine, au makasha yakibadilishwa na namba kupotea, kipimo cha sampuli hakisemi tena lolote kuhusu kilichobaki.

Hata kanuni ya kutoa kwanza kilichoingia kwanza, ambayo kila mtunza stoo huikariri, ina adui wa kawaida kabisa: mlango. Shehena mpya huwekwa karibu na mlango, ya zamani imebanwa ukutani nyuma. Ikija oda ya mazoezi saa kumi na moja alfajiri, kinachotoka ni kilicho karibu. Kizee kinabaki na kuzidi kuzeeka.

Upimaji wenyewe una vituko vyake. Njia moja ya siku nyingi ni kuichemsha sampuli kwa nyuzi 134.5 pamoja na karatasi ya zambarau na kuangalia itachukua muda gani kugeuka waridi. Maabara za kisasa hupima moja kwa moja kiasi cha kemikali ya kutuliza kilichobaki, na nchini Marekani baruti ikishuka chini ya asilimia 0.20 huhesabiwa kuwa haifai kuendelea kuhifadhiwa. Wamarekani pia huweka sampuli za loti zao katika jiko lenye nyuzi 65.5, zizeeke kwa haraka kuliko ndugu zao walioko maghalani. Sampuli ikitoa moshi mwekundu ndani ya siku 30, loti nzima huandaliwa kuharibiwa. Ni baruti chache zinazopikwa ili nyingine zisijipike.

Tahadhari moja sasa. Hakuna katika haya kinachodai kwamba hicho ndicho kilichotokea Mbagala au Gongo la Mboto. Shirika la utafiti la Small Arms Survey limeorodhesha milipuko isiyokusudiwa ya maghala zaidi ya 600 duniani tangu 1979, na kujiwasha kwa baruti ni chanzo kimoja tu kati ya vingi: moto wa majani, hitilafu ya umeme, radi, kasha lililoangushwa. Lagos mwaka 2002 na Brazzaville mwaka 2012, simulizi rasmi zilianza na moto wa kawaida. Katika mlipuko wa Maputo wa Machi 2007, uliotokea katika mji wa pwani wenye hali ya hewa inayofanana na yetu, joto lilitajwa mapema miongoni mwa sababu, lakini si peke yake. Na ghala likishalipuka, ushahidi wa chanzo huwa ndicho kitu cha kwanza kuungua.

Chanzo kiwe kipi, baada ya hapo yote hufanana. Moto hulipasha kasha la kwanza mpaka lilipuke, nalo hulirushia moto la pili. Kwa hiyo maghala hutengwa, tena kwa hesabu inayoshangaza kidogo: umbali wa usalama hufuata kipeuo cha tatu cha uzito wa kilipuzi. Ukiongeza shehena mara 8, umbali unaotakiwa huongezeka mara 2 tu. Hesabu hiyo ni ya mgandamizo wa hewa, haihusu makombora yanayorushwa mzimamzima, ambayo huenda mbali zaidi. Wala haikadirii watu watahamia lini karibu na ghala. Sensa ya 1967 iliikuta Dar es Salaam ikiwa na watu wasiofika 300,000, na ya 2022 ikawakuta zaidi ya milioni 5.3.

Hayo makombora yaliyorushwa ndiyo huua watu wiki kadhaa baadaye. Fyuzi nyingi zimeundwa zisiamke mpaka zipate msukumo wa ghafla wa kutoka kwenye mtutu, na nyingi huhitaji pia mzunguko wa kombora lenyewe. Kombora lililorushwa na moto wa ghala linaweza kuwa limepata msukumo nusu, au halikupata kabisa, na kwa nje huwezi kutofautisha. Kwa sababu hiyo wataalamu wa jeshi wakilikuta shambani au uani kwa mtu na kulitilia shaka, hawalibebi. Huwaondoa watu, huliwekea kilipuzi kingine ubavuni, nao hulilipua pale pale lilipolala.