Karantini si wodi ya wagonjwa

Wafugaji wanalijua neno hili kuliko sisi wa mjini. Ugonjwa wa miguu na midomo ukizuka, mnada hufungwa, ng'ombe hawavushwi, na wilaya huwekewa karantini. Wengine tulilizoea mwaka 2020, wakati wa korona, na tangu hapo tunalitumia ovyo, hata kwa mgonjwa aliyekwisha kulazwa.

Neno limetufikia kupitia Kiingereza, nao Waingereza waliliazima. Chimbuko lake ni Venice, mji wa Italia, ambako quaranta ni arobaini. Tauni ilipokuwa ikisafiri na meli za biashara, mji wa Ragusa, leo Dubrovnik nchini Kroatia, uliamuru mwaka 1377 kwamba anayetoka penye tauni asiingie mjini mpaka akae nje siku 30. Baadaye zikawa 40. Maabara haikuwepo, iliyokuwepo ni hesabu yenye uzito wa dini, siku za Kwaresima na za Musa mlimani. Kwetu pia si hesabu ngeni: mzazi hutolewa arobaini, marehemu husomewa arobaini, na mwizi naye ana arobaini zake.

Waingereza walikuwa na matumizi mengine ya neno hilohilo kabla ya habari za meli: haki ya mjane kubaki siku 40 katika nyumba ya marehemu mumewe, haki iliyomo katika Magna Carta, hati ya haki ya Uingereza ya mwaka 1215. Eda yetu ni ndefu zaidi.

Sasa turudi kwenye kosa letu. Anayeumwa hutengwa. Anayewekwa karantini haumwi, ila amekutana na ugonjwa na anasubiriwa kuonekana kama ameambukizwa. Ndiyo maana wengi hukasirika: "Mbona siumwi?" Kisiwa cha Changuu, Zanzibar, kinaonyesha jinsi mambo hayo mawili yanavyochanganywa na adhabu. Watalii hukiita kisiwa cha gereza, na kweli gereza lilijengwa huko miaka ya 1890, lakini halikupata wafungwa. Likageuzwa karantini ya wasafiri wa meli.

Siku zenyewe leo hufuata ugonjwa. Aliyekutana na mgonjwa wa Ebola hufuatiliwa siku 21, kwa kuwa dalili huchukua siku 2 hadi 21 kujitokeza. Arobaini imebaki kwenye jina tu.