"Achieve": kitenzi chenye kichwa ndani yake

Sisi kazi huimalizia mkiani. Ndiyo maana aliyekata tamaa ukingoni huambiwa: huwezi kumla ng'ombe mzima ukashindwa na mkia. Waingereza, katika kitenzi chao "achieve", wamemalizia kichwani.

Neno lenyewe ni la kuhamia. Liliingia Kiingereza katika karne ya 14 likitoka Kifaransa cha kale, "achever", yaani kumaliza, kukamilisha. Nalo lilitokana na msemo "à chief", "hadi kichwani", ambao mzizi wake ni Kilatini "caput", kichwa. Jambo lililofika kichwani lilikuwa limefika kikomo. Ukoo huo ni mkubwa: yumo "captain" aliyetupa kapteni, yumo "chef" wa jikoni, imo "chapter" ya kitabu. Hata "mischief", utundu, ni ndugu wa damu. Zamani lilikuwa jambo lililoishia vibaya.

Wafaransa wamebaki na maana ile ile ya kumaliza, hata kummalizia mnyama aliyejeruhiwa. Msomaji wa Bukavu au Bujumbura, aliyezoea Kifaransa, asidanganywe na mfanano. Kiingereza kimeongeza jasho: zawadi na urithi huwezi "ku-achieve", vitu hivyo unapewa tu. Kitenzi hiki kinataka kitu ulichokihangaikia.

Hapa ndipo tafsiri hujikwaa. Miswada mingi inayopita mezani kwetu hugeuza kila "achieve" kuwa "kufanikiwa", kana kwamba hatuna neno jingine. Lakini kufanikiwa hakubebi yambwa, yaani kitu kinachotendwa. Husemi "amefanikiwa shahada". Utasema amefanikiwa kuipata, au ameipata, basi. Lengo tunalifikia, ndoto tunaitimiza, na rekodi tunaiweka.

Kwa maoni yangu, kinachokaribia zaidi asili ya neno hilo ni kitenzi ambacho watafsiri hawakikumbuki hata kidogo: kuhitimu. Kimetokana na Kiarabu "khatama", kutia muhuri, kumaliza. Kabla hakijavaa joho la chuo kikuu, kilikuwa cha mtoto wa chuoni, yaani madrasa, aliyeisoma Kurani akaimaliza. Na watoto wengi huanzia Juzuu Amma, ambayo ndiyo sehemu ya 30 na ya mwisho ya Kurani, wakapanda sura kwa sura kuelekea al-Baqara, sura ya pili kule mwanzoni. Kwa hiyo nao humalizia kichwani.