Wakala wa nyumba "mwenye leseni" ni nani?

Binamu yangu anatafuta nyumba ya vyumba viwili Roysambu, Nairobi. Nilipomuuliza kama anamjua vizuri yule ajenti aliyempa shilingi 1,000 ili aonyeshwe nyumba tatu, alinijibu kwa utulivu kabisa: "Ana leseni, nimeiona ukutani." Jibu hilo nimelisikia mara nne mwaka huu kutoka kwa watu tofauti. Kila nikidadisi, nakuta kilichotundikwa ukutani ni kibali cha biashara cha Kaunti ya Nairobi.

Sheria ya Kenya ya Mawakala wa Nyumba na Ardhi ya mwaka 1984, Sura ya 533, inamhesabu kuwa wakala mtu anayewakutanisha muuzaji na mnunuzi au mwenye nyumba na mpangaji, au anayejadiliana masharti kwa niaba ya mmoja wao. Mwenye nyumba anayepangisha nyumba yake mwenyewe hahusiki. Anayefanya kazi hiyo lazima asajiliwe na Bodi ya Usajili wa Mawakala wa Nyumba na Ardhi, kisha awe na cheti cha kufanyia kazi, kinacholipiwa upya kila mwaka.

Kusajiliwa, basi. Neno leseni limetufikia kupitia Kiingereza, na shina lake ni la Kilatini, licere, kuruhusiwa. Mwenye leseni ameruhusiwa kufanya jambo: kuendesha gari, kuuza pombe, kufungua duka. Sajili ni ya Kiarabu, kutoka sijill, hati iliyokunjwa ambamo mambo huandikwa yasipotee. Aliyesajiliwa ameandikwa jina, na jina lililoandikwa linaweza pia kufutwa. Hapo ndipo kinga ya mpangaji ilipo. Bodi inataka kujua huyu mtu ni nani, amesomea nini, na kama anastahili kushika mali ya wengine. Akiharibu kazi, kuna daftari la kumwondoa.

Kibali cha kaunti hakiulizi lolote kati ya hayo. Kinatazama biashara yenyewe, ni ya aina gani na iko wapi, na kama ada imelipwa. Cheti cha kampuni nacho, kile kinachopatikana kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kinathibitisha tu kwamba kampuni ipo. Ni karatasi halali zote mbili, na wakala mzuri atakuwa nazo. Lakini hata wakala akiwa ni kampuni, sheria ya mawakala inawatazama watu walio ndani yake wanaoifanya kazi hiyo.

Kuna wanaojitetea kwamba wao si mawakala, ni madalali tu. Kwa wengi wetu Kenya dalali ni yule anayepiga mnada mali ya mwenye deni, lakini neno lenyewe ni ndugu wa dalili: asili yake ni mtu anayeonyesha, anayeelekeza. Wakala ni ndugu wa wakili, na asili yake ni aliyekabidhiwa jambo la mwingine. Kwa lugha, basi, kijana anayekuzungusha kutoka ploti hadi ploti mchana kutwa ni dalali kweli, na mpangaji angefanya vyema kukumbuka kwamba hata wakala halisi kwa kawaida amekabidhiwa kazi na mwenye nyumba, wala si na yeye anayetafuta pa kuishi. Ila sheria haikuwatenganisha hawa wawili. Kuwakutanisha tu watu, hata kama hukujadili kodi wala kuandika mkataba, kumeshakuingiza katika kazi inayotaka usajili.

Sikumlaumu binamu yangu. Sote tumezoea kuuliza "Una leseni?" na swali hilo linajibika kwa karatasi yoyote yenye muhuri. Nilimwomba arudi aulize hivi: umesajiliwa na Bodi kwa jina gani, na cheti chako cha mwaka huu kiko wapi? Na kama aliyemzungusha ni kijana wa kazi, aulize anafanya kazi chini ya nani, kisha alitafute jina hilo katika orodha ya Bodi kabla ya kutuma deposi.