Je, wajua kwa nini simu hunyoosha ukuta ikamnenepesha aliyesimama pembeni?

Tazama picha ya pamoja ya harusi iliyopigwa kwa lenzi pana ya simu, ile inayoandikwa 0.5x. Ukuta wa nyuma umenyooka, nguzo zimesimama wima, lakini shemeji aliyewekwa mwisho wa mstari ana kichwa kilichovutika na bega ambalo si lake. Watu huilaumu lenzi. Lenzi ilikosea kweli, ila kosa lake lilikuwa jingine, na programu ya simu ililisahihisha kabla hujaiona picha. Shemeji ameponzwa na masahihisho.

Lenzi ya aina hiyo hutakiwa kuona upana wa digrii 120 hivi, huku ikiwa na nafasi ya milimita chache tu ndani ya simu. Hukuza katikati ya picha zaidi na pembeni kidogo. Sasa chukua mstari ulionyooka unaopita karibu na ukingo wa picha. Ncha zake ziko mbali na kitovu kuliko sehemu yake ya kati, kwa hiyo ndizo zinazovutwa ndani zaidi, na mstari wote unatuna kwa nje kama ubavu wa pipa. Mstari unaopita kitovuni haupindi hata kidogo. Ukitaka kuhakikisha, zima masahihisho kama kamera yako inaruhusu, kisha piga picha ya bahari: upeo wa macho ukiwa katikati umenyooka, ukiwa juu ya picha unabinuka.

Uzuri wa kasoro hii ni kwamba haibahatishi. Inategemea umbali wa kila nukta kutoka kitovuni, na inaelezeka kwa namba mbili tatu kwa kila lenzi: umbali huzidishwa kwa 1, jumlisha namba ndogo mara kipeo cha pili cha umbali huohuo, jumlisha namba nyingine mara kipeo cha nne, na kadhalika. Kinachobaki ni kuzipata hizo namba. Mmarekani Duane Brown, mtaalamu wa kupima vitu kwa kutumia picha, alieleza mwaka 1971 njia ambayo fundi mwashi yeyote angeipenda: piga picha nyuzi za timazi, yaani nyuzi zinazoning'inizwa na kizito ili zisimame wima. Uzi wa timazi hauna namna ya kupinda. Ukitokea umepinda kwenye picha, aliyeupinda ni lenzi, na namba sahihi ni zile zitakazounyoosha tena. Leo wengi hutumia ubao wenye miraba myeusi na myeupe, kama wa drafti, unaopigwa picha ukiwa umeinamishwa huku na kule. Njia hiyo ilichapishwa mwaka 2000 na Zhengyou Zhang wa Microsoft.

Kwenye simu hayo yote yamekwishafanywa na watengenezaji. Kwenye kompyuta, programu za bure kama darktable na digiKam husoma jina la lenzi katika taarifa zilizofichwa ndani ya picha, kisha huchukua namba zake kutoka hazina ya wazi iitwayo Lensfun.

Kunyoosha kwenyewe hufanywa kinyumenyume. Programu haichukui pikseli za zamani, zile nukta ndogo za rangi zinazounda picha, ikazisukuma mahali papya, maana ingeacha matundu. Huanza na picha tupu, na kwa kila pikseli hujiuliza: wewe ulitakiwa kutoka wapi kwenye picha iliyopinda? Mara nyingi jibu huangukia kati ya pikseli nne, basi rangi inakadiriwa kwa kuzichanganya. Pembeni pikseli chache hunyooshwa kujaza eneo kubwa, ndiyo maana pembe za picha za lenzi pana huwa na ukungu kidogo; na kingo za picha iliyonyooshwa haziwi sawa, kwa hiyo hukatwa.

Sasa turudi kwa shemeji. Ili kila mstari ulionyooka ubaki umenyooka, vitu vya pembeni ni lazima vivutwe. Kitu kilicho digrii 45 kutoka katikati huvutwa mara 2 kuelekea nje, lakini mara 1.4 tu kwa upande mwingine. Ukuta uliotazamana na kamera haudhuriki: sehemu zake za pembeni ziko mbali zaidi na tunaziona kwa mshazari, kwa hiyo mvuto huo unazirudishia kile zilichopungukiwa. Kichwa cha mtu ni mviringo. Ukitazame upande wowote hakipungukiwi na kitu, na mvuto uleule unakipa unene wa bure.

Hapa hakuna hila ya hesabu itakayoridhisha pande zote mbili, kwa maana haiwezekani kulinda mistari yote na maumbo yote katika picha moja pana. Kilichobaki ni kugawana hasara. Mwaka 2019 YiChang Shih na wenzake wa Google walionyesha programu inayotafuta nyuso kwanza, ikazichora kwa njia inayolinda maumbo, ikaacha majengo yachorwe kwa njia inayolinda mistari, kisha ikalainisha mpaka kati ya hizo mbili. Ni kazi nzuri, ingawa kwangu mimi dawa ya harusini bado ni kurudi nyuma hatua kadhaa na kutumia lenzi ya kawaida.

Wapo wasiotaka kamera iwanyooshee chochote. Wapima ardhi wanaotengeneza ramani kwa droni mara nyingi huyazima masahihisho ya kamera, kwa sababu programu zao huzikokotoa zenyewe namba za lenzi pamoja na mahali kila picha ilipopigiwa. Wakizikosea, mamia ya picha hurundika kosa lilelile dogo upande mmoja, na uwanja ulio bapa hutokea kwenye ramani ukiwa na kilima katikati.