Je, wadhanifu wa Kijerumani waliusahau mwili?

Dhana potofu: Kwa Fichte na Hegel, wanafalsafa wakubwa wa udhanifu wa Kijerumani, mwili si kitu, nafsi ni fikra tupu.

Ukweli: Neno lenyewe, udhanifu, yaani falsafa inayoanzia kwenye fikra na nafsi badala ya vitu, limechangia kutupoteza, maana ukilisikia unaona watu wa kudhani tu. Lakini Fichte, katika kitabu chake kuhusu misingi ya haki (1796–97), alichokiandika akifundisha chuo kikuu cha Jena, Ujerumani, anajenga hoja kwamba mtu hawezi kujitambua kuwa ana hiari bila mwili. Hiari lazima ipate pa kutendea, na pa kwanza ni viungo vyake mwenyewe. Anaongeza kuwa mnyama huzaliwa karibu amekamilika, ilhali binadamu maumbile yamemwacha nusunusu. Ndiyo maana mwili wake hufundishika.

Dhana potofu: “Mimi” ya Fichte, yaani nafsi inayojitambua, ni mtu mpweke anayejiumbia dunia kichwani.

Ukweli: Alidhihakiwa hivyo tangu enzi zake, na si haki. Kwake, nafsi huamka kwa kuitwa: mwenzako anakutaka utende, kisha anakuachia nafasi ya kuitika au kukataa. Mtu huwa mtu kati ya watu.

Dhana potofu: Hegel aliamini kuwa roho ni mfupa.

Ukweli: Maneno hayo yamo katika kitabu chake cha 1807, ila hapo anaijadili elimu ya daktari Gall ya kusoma tabia za watu kwenye vinundu vya fuvu. Anaisukuma hadi mwisho wake ili upungufu wake uonekane.

Ukitaka kujua mwili ni nini kwa Hegel, liache fuvu, nenda kwenye mazoea. Hapa ndipo ninapompenda zaidi. Katika Ensaiklopidia yake anafundisha kuwa kusimama wima ni hiari iliyogeuka mazoea: tunasimama kwa kuwa tunataka, na kwa muda tunaotaka. Mtazame mtoto anayesimama dede: magoti yanatetemeka, mikono imetanda, akili yote iko miguuni. Mwaka ukipita, anakimbilia mlangoni kumpokea baba na miguu haimo kabisa mawazoni mwake. Nafsi haijauhama mwili. Imekaa humo kama mwenyeji, haihitaji tena kupapasa njia. Ila hiari bado ipo, kimyakimya. Usingizi ukimpitia mtu aliyesimama, goti hulegea hapo hapo.