Gari kuvuta upande baada ya alaimenti maana yake nini (hasa ukiwa na pikapu)

Umetoka kufanya alaimenti (kupimwa na kupangwa pembe za tairi), karatasi ya mashine yote kijani, yaani kila namba iko ndani ya kipimo kinachokubalika, unaingia barabarani unalegeza mikono kidogo kwenye stelingi afu pikapu inaanza kwenda kushoto taratibu kama punda anayejua njia ya kurudi kwao. Unarudi kwa fundi anakuambia mashine haidanganyi. Na ni kweli haidanganyi, shida ni kwamba ile mashine inapima pembe tu, yaani tairi limeegemea vipi na limeelekea wapi gari ikiwa imesimama, haipimi nguvu inayoisukuma gari ikiwa inatembea.

Sasa kwanza tuelewane maneno maana hapa ndo watu wengi wanapotea. Kuvuta ni pale ambapo ukiacha stelingi gari inahama njia yenyewe, au inabidi muda wote ushikilie kwa nguvu upande mmoja ili iende sawa. Stelingi kukaa upande ni kitu kingine kabisa, hapo gari inanyooka vizuri ila stelingi yenyewe imepinda. Afu kuna kuyumba, leo kulia kesho kushoto, huwezi kusema inapenda wapi, hiyo mara nyingi ni kitu kimelegea: tairodi (fimbo inayogeuza tairi), boljointi (kiungo cha mviringo kinachoshika gurudumu), beringi, au boksi ya stelingi imechoka. Ukimwambia fundi "inavuta" wakati stelingi ndo imepinda atakurekebishia kitu ambacho sio, na utalipa mara mbili.

Kitu kinachoshangaza wengi ni kwamba too, ile pembe ya tairi za mbele kutazamana au kuachana, kwa kawaida haifanyi gari ivute. Tairi mbili za mbele zimeunganishwa, moja ikielekea ndani na nyingine nje barabara inazilazimisha zigawane, gari inanyooka, ila stelingi inabaki imepinda na tairi zinalika. Kwa hiyo kama alaimenti uliyofanyiwa ilikuwa ya too tu (na kwenye pikapu nyingi fundi mwenye haraka anagusa hiyo tu) basi usitegemee kuvuta kuishe.

Zinazovuta ni kemba na kasta. Kemba ni tairi kuegemea nje au ndani ukiitazama gari kwa mbele, na gari inaelekea upande ambao tairi imeegemea nje zaidi. Kasta ni ule mshazari wa mhimili ambao tairi hugeukia, ukiitazama gari kwa ubavu, kama fok ya mbele ya baiskeli, na gari inaelekea upande wenye kasta ndogo. Ujanja uko hapa: kinachovuta ni tofauti kati ya kushoto na kulia. Tuseme kipimo cha kasta kinachokubalika ni digrii 2 mpaka 4, kushoto una 2.2 na kulia 3.6, zote kijani, lakini tofauti ni 1.4 na gari itaenda kushoto tu. Magari mengi yanataka tofauti isizidi kama nusu digrii hivi. Kwa hiyo omba karatasi, toa namba ya upande mmoja kwenye nyingine mwenyewe, rangi achana nayo.

Namba zikiwa sawa na bado inavuta, mi naenda kwenye tairi moja kwa moja. Upepo kwanza, pima zote zikiwa za baridi, gari inavuta upande wenye upepo mdogo, na hiki kitu ni cha kijinga ila kinakamata watu kila siku. Afu tairi yenyewe. Kuna tairi ukiiangalia ni nzima, imebalansiwa vizuri, haitetemi, lakini ndani zile nyuzi za chuma zimekaa pembeni kidogo, basi ikizunguka inakuwa kama bilauri uliyoilaza mezani ukaisukuma, si unajua haiendi moja kwa moja, inakata kona. Hata tairi mpya inaweza kuwa hivyo. Kipimo chake hakihitaji mashine yoyote: badilisha tairi za mbele, ya kushoto peleka kulia na ya kulia kushoto, rudi barabara ileile. Ikigeuka ikaanza kuvuta upande wa pili, au ikaacha kabisa, mwizi ni tairi. Ikibaki vilevile tairi hazina kosa. Kama tairi zako zina mshale wa kuonyesha mzunguko, badilisha ya mbele na ya nyuma za upande uleule badala ya kuvusha.

Na barabara nayo usiisahau, zimeinuliwa katikati ili maji yatiririke pembeni, kwa hiyo gari inashuka kidogo kuelekea ukingoni, kushoto kama mnaendesha kushoto, kulia kama mnaendesha kulia, na hiyo ni kawaida. Jaribia sehemu tambarare isiyo na magari, mikono ikiwa karibu na stelingi.

Breki: ikivuta ukikanyaga tu, mara nyingi hiyo ni kesi ya breki, sio ya alaimenti. Ikivuta hata bila kukanyaga, tembea kilomita kadhaa bila kutumia breki sana, simama, sogeza mkono karibu na kila rimu (usishike, utaungua), moja ikiwa na moto kuliko mwenzake huenda breki ya gurudumu hilo imeng'ang'ania.

Kuna moja inachanganya sana: ukikata kulia inaendelea kutaka kulia, ukikata kushoto inataka kushoto. Hapo kuna kitu kinakaza, boljointi mpya ngumu, au bushi zilikazwa gari ikiwa juu ya jeki magurudumu yananing'inia, raba ikajisokota. Zilegezwe, gari ikae chini na uzito wake, ndo zikazwe.

Afu nyuma. Watu wa pikapu tunasahau nyuma kwa sababu eti eksili (mhimili unaobeba magurudumu ya nyuma) ni moja haina cha kurekebisha. Eksili imelala juu ya springi za bapa, imeshikwa na yubolti (bolti zenye umbo la U) na senta bolti (bolti ya katikati ya springi), senta bolti ikikatika au yubolti zikilegea eksili inasogea upande mmoja, gari inatembea kimshazari kama mbwa anayekimbia, na wewe unapindisha stelingi siku nzima kuifidia. Pima kwa futi kutoka katikati ya gurudumu la mbele mpaka la nyuma, kushoto na kulia, tairi za mbele zikiwa zimenyooka. Springi ya upande mmoja ikiwa imelala pia pembe za mbele zinabadilika. Na mzigo nao, ukijaza nyuma pua inapanda na kasta inabadilika, kwa hiyo kama pikapu yako kila siku inabeba vyuma na ngazi, usivishushe siku ya kwenda alaimenti, nenda navyo na umwambie fundi apime hivyohivyo.